Dua Niliyoipa Anwani

Jumatatu, laasiri. Joto la leo si la kutoka nje. Ukifungua dirisha ni kama umefunua chungu kilichochemka. Nimekaa jikoni, simu nimeilaza mezani mbele yangu. Ikilia nnaiogopa, ikinyamaza nnaiogopa zaidi.



Mnaonisoma humu ukurasani mnajua mie si msomi. Shule niliacha darasa la nne, na Kiarabu cha chuoni, yaani madrasa, nnakisoma polepole, kwa kidole. Haya maneno nnaisemea simu, yenyewe inaandika, kisha nnarudi kurekebisha. Lakini haya ya leo sitoyaweka mpaka mwanangu ayasome kwanza anipe rukhsa. Nimejifunza. Nimejifunza vibaya, lakini nimejifunza.

Mwanangu nnamwita Nunu, na Nunu si jina lake la cheti. Yuko Honduras. Nchi aliniambia nnaweza kuitaja, nchi ni kubwa. Mji siutaji tena.

Kazi yake huko, nilipoelezwa mara ya kwanza, nilicheka. Nikamwambia, "Kwa hivo umesoma miaka yote hiyo, na Kihispania juu yake, ukafuatane na mtu dukani?" Ndiyo kazi yenyewe. Mtu anayetishiwa kuuawa, yeye na wenziwe wanakaa naye. Akienda sokoni wanakwenda naye, akilala wanalala chumba cha pili. Wanaomtaka wanachelea kumuua mbele ya mgeni mwenye pasi ya nchi nyingine, maana kelele zitafika mbali. Basi mgeni huyo ndiye mwanangu. Wengine wanakwenda kazini na kalamu. Wangu anakwenda na mwili wake.

Mama gani analala usingizi akijua hivo?

Anayekaa naye sasa ni mama mmoja wa rika langu. Ntamwita yule bibi. Meya wa kwao aliitisha mkutano, watu wakapewa wali na kuku na soda. Kila aliyepokea sahani akaandikwa jina, na asiyejua kuandika akatia kidole gumba. Yule bibi alitia kidole. Ikapita miezi, ikaja kampuni kuuziba mto wao kwa bwawa la umeme. Watu walipopiga kelele wakaonyeshwa karatasi. Nyote mmeridhia, sahihi zenu hizi. Karatasi ya sahani za wali imebandikwa nyuma ya karatasi ya kuutoa mto! Na mwenye hisa kwenye kampuni ni shemeji yake huyo huyo meya. Humo mna mpaka majina ya watu waliokwisha kuzikwa, nao wameridhia.

Mume wa yule bibi alisimama akauliza. Akachukuliwa njiani na gari lisilo namba, na aliporudi alirudi maiti. Polisi wakaandika ajali.

Kesho yule bibi anakwenda mahakamani kusema maneno machache tu: kidole ni changu, lakini nilikitia kwa sahani ya wali.

Nnamwelewa mpaka ndani ya mifupa. Mie mwenyewe nimetia sahihi karatasi ngapi benki na hospitali, kijana wa dirishani ananambia "hapa, mama, na hapa," natia. Wali ule ningekula na kidole ningetia.

Jumatano Nunu alinitumia picha. Wamekaa barazani yeye na yule bibi, wanapukuchua mahindi, Nunu anacheka kichwa juu kama anavyocheka. Nyuma yao geti la buluu. Akaandika: "Mama, uone kama mimi mzima. Usimwonyeshe mtu."

Usimwonyeshe mtu. Maneno mawili tu, na mie nnajua kuyasoma.

Alkhamisi ndiyo siku yetu ya kisomo, wanawake wa kwetu tunaosema Kiswahili katika nchi hii ya Waarabu, hapa Wadi Kabir na Matrah na kwengine. Tunasoma Yasin, tunaombea wagonjwa, wasafiri na waliodhulumiwa. Kwetu dua haiombwi hewani. Unataja mtu na mama yake, fulani binti fulani, ili ijulikane ni nani khasa. Siku ile mguu ulinivimba, sikwenda. Nikatuma ujumbe wa sauti kwenye grupu letu, na picha nikaitia.

Nilitaja jina la Nunu na langu. Nilitaja jina la yule bibi na la mama yake, ambalo nilimchokora Nunu mwezi uliopita mpaka akanambia. Kisha nikafikiri, wasomaji ni wengi, nchi ni ya mbali, dua isije ikapotea njia. Nikataja na mji. Nikataja nyumba iko nyuma ya mizani ya kahawa, pale wakulima wanapopimia, geti la buluu. Nikataja mahakama ni Jumanne.

Niliona nafanya jambo jema. Nililia wakati nasema, na baada ya kusema nikahisi kifua chepesi.

Mmoja akauliza, "Huyo si Mkristo?" Wenziwe wakamrukia, "Kadhulumiwa, msomee!" Wakasoma. Mungu awalipe.

Ijumaa adhuhuri nafungua simu, namuona wifi yangu Salha ameiweka picha ile kwenye ukurasa wake, mahali anapopita kila mtu duniani. Ameizungushia mawaridi. Chini ameyaandika maneno yangu yote neno kwa neno, mpaka mizani ya kahawa. Na chini kabisa, katika maamin na mashaallah ya watu wetu, kuna mtu mmoja hana picha. Jina la kule. Ameandika kwa lugha ya kule.

Nikabonyeza pale pa tafsiri, ikaja Kiarabu. Nikaifuata kwa kidole.

Ahsante, mama. Mungu akubariki.

Basi. Hamna tusi wala kitisho. Labda ni mtu mwema, jirani, mcha Mungu wa kwao. Lakini nikairudia kwa kidole, mara ya pili na ya tatu. Anashukuru nini? Nimempa nini mie, akanishukuru?

Sasa nakuja kwenye linaloniuma. Ilikuwa adhuhuri hapa, kule usiku wamelala. Nikajiambia nisimtie mtoto kiwewe usingizini. Nikajiambia nianze kuifutisha kwanza, nikimpigia nimwambie tayari imefutwa. Uongo. Sikumwonea huruma. Nilimwogopa. Niliogopa akijua hatonambia tena kitu, maisha. Nikapika chai, nikaimwaga, nikapika nyengine. Masaa manne yakanipita hivo. Watu wamelala nyuma ya geti la buluu na mie nnamwaga chai.

Saa kumi nikapanda teksi mpaka kwa Salha Matrah, mguu na uvimbe wake.

Salha kwanza alidhani nnatania. "Wifi, ukurasa wangu haujawahi kupata watu hivi! Mpaka wa Amerika wanaitikia amin, na wewe unataka nifute? Wivu huo."

"Futa, Salha."

"Tena yule nimemjibu. Nimemtilia na ua."

Nikakaa chini pale pale mlangoni, juu ya viatu vya watu.  Salha ana mdomo lakini hana roho mbaya. Akaniangalia, akachukua simu yake. Akafuta.

Nikampigia Nunu hapo hapo kwenye ngazi. Kule alfajiri imeshakucha. Nikamwambia.

Hakupiga kelele. Bora angepiga. Akasema, "Nambie kama ulivyowaambia wao, mama. Usipunguze." Nikamwambia: jina, jina la mama, mji, mizani, geti, Jumanne. 

"Mama, Mungu hahitaji anwani. Wao ndio walikuwa wanaitafuta."

Akakata.

Baada ya dakika chache ukaja ujumbe. Tunatoka. Simu nnazima. Usinipigie.

Jumamosi na Jumapili tulishinda tukizisaka simu za watu, mie na Salha. Wanawake arubaini kasoro kidogo. Tukawapigia mmoja mmoja: futa, shoga, na uliyemtumia mwambie afute. Wengine walichukia, "Kwani tumefanya kosa gani?" Hamkufanya kosa nyinyi, nikawaambia. Kosa langu. Mara ya kwanza niliyatoa kwa tabu. Ilipofika mara ya ishirini nikawa nayasema kama salamu.

Bi Khole wa Qurayyat hakupokea simu, basi jana tukamfuata, Salha anaendesha huku akijilaumu njia nzima, "Mimi na mawaridi yangu, mimi na mawaridi yangu." Bi Khole simu yenyewe hana, anatumia ya mjukuu wake. Kwenye simu ya mjukuu imefutwa zamani. Lakini Bi Khole alikuwa amemwagiza mjukuu aitoe picha karatasini, ameiweka ndani ya msahafu wake, kila sala akiufungua akiwaangalia na kuwaombea.

"Nimewazoea," alinambia. "Huyu wako ana meno ya babake."

Tukamwomba picha. Akanipa, hakuuliza kwa nini. Nikaishika. Ile siku ya Jumatano sikumtazama yule bibi, nilimtazama mwanangu tu. Jana ndio nikamwona. Amevaa fulana ya mwanamume, kubwa, bila shaka ya marehemu. Anapukuchua mahindi kwa kidole gumba. Macho hayako kwenye picha, yamegeuka pembeni, kwenye njia. Mwanangu anacheka, na yeye anamlindia kicheko.

Alipewa mgeni amlinde. Na yeye muda wote anamlinda mwanangu.

Nikaichana vipande vidogo vidogo pale pale, nikavichoma kwenye chetezo cha ubani cha Bi Khole. Salha akageuza uso ukutani.

Leo, nusu saa kabla sijaanza kuandika haya, simu ililia. Namba ndefu nisiyoijua. Nikaiacha ilie mara tatu, maana nilijiambia kama ni khabari mbaya, wacha nipate hizi mara tatu.

Alikuwa Nunu, kwa simu ya mtu.

"Mama, mimi mzima. Yule bibi mzima."

Nikakaa chini.

"Mama, walikuja. Jumamosi asubuhi. Wamevunja geti, wameingia mpaka vyumbani. Hawakumkuta mtu."

Jumamosi. Ijumaa ile ile wangeweza kuja, na mie niko na chai yangu. Sikumuuliza kama walikuja kwa sababu yangu. Yeye hakusema ni kwa sababu yangu. Hakusema pia kuwa siyo.

Nikamwambia ukweli wa ile chai, kwamba nilijua toka adhuhuri, na kwamba nilimwogopa.  Kisha akasema, "Na mimi nilikujua ulivyo, mama, na picha nikatuma." Akili zake ndogo, anataka kunibebea kosa.

Nikamsikia sauti inalegea, ile sauti ya akitaka kunifurahisha. Siku zote nikimpigia, kabla ya salamu, namuuliza: uko wapi? Yuko Amerika ya huko, yuko bafuni, namuuliza uko wapi. Ndivyo tulivyo mie na yeye. Akasema, "Tuko pazuri sasa, usiwe na wasiwasi, tuko karibu na—"

"Usinambie!"

Nilipiga ukelele mpaka jirani akagonga ukuta.

"Mama?"

"Usinambie uko wapi. Wala kesho mnatoka saa ngapi. Wala njia. Mie mdomo wangu nnaujua. Sitaki kujua, mwanangu. Nikikuuliza tena, unikatie simu."

  Kisha nikasikia anavuta pua, anacheka na kulia pamoja. Akamwambia yule bibi kitu kwa lugha yao. Na yule bibi akasema kitu kirefu, kwa sauti nzito kuliko nilivyodhani.

"Anasema nini?"

"Anasema na yeye ana mama wa hivo hivo."

Muda ulikuwa umekwisha, simu ya watu. Nikamuuliza limoja tu, ambalo haliwezi kumdhuru mtu.

"Umekula?"

"Wali na maharage, mama."

Kesho wakati wanamwita yule bibi asimame huko, hapa itakuwa magharibi imeshaswaliwa. Ntamwombea. Jina sitolitaja, si kwenye grupu, si kwa sauti, hata moyoni ntalipitia haraka. Nnaogopa, sisemi uongo.

Mwanangu yuko mahali duniani, na mimi mamake sijui ni wapi. Alhamdulillahi sijui.