Unga Uliokataa Kutulia

Masasi

Mume wangu mdogo Saidi,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Mama yako Asha hajambo, na mikorosho ya Chilangala imetoa maua. Unauliza wewe usiyesomea mawe utawafaa nini hao wanaojitolea kupima mapango.

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, nilijitolea hivyohivyo, Jumamosi na Jumapili, kwenye vilima vya hifadhi hapa, na raba zangu za mitumba. Kazi yangu ilikuwa kushika ncha ya utepe wa kupimia. Siku moja tulifika kwenye ukuta ndani ya pango, kiongozi wetu akaandika kwamba pango limeishia hapo. Mimi nikafungua unga niliofunga kwenye pindo la kanga, nikaumimina kuwaaga wahenga, kama tufanyavyo kwetu. Wenzangu wakacheka. Lakini unga haukutua chini, ulinirukia usoni.

"Jamani, ukuta huu unapumua!" nikapiga kelele.

Tukaondoa mawe yaliyorundikana ukutani. Nyuma yake kulikuwa na ukumbi ambao mwanga wa taa zetu haukufika mwisho wake. Nikapiga vigelegele, na pango likanijibu mara tatu! Kiongozi akafuta alichoandika, akasema, "Tangulia, Mama Asha."

Basi nenda. Unga nimempa mama yako akuletee.

Bibi yako