Ncha ya Tepu Iliyokunjwa

Baba Limi,

Shikamoo. Ni mimi Kabula, uliyenifundisha umeme hapa Mwakitolyo miaka minne. Tangu tukuzike kule Mhunze, winchi ya duara letu, shimo letu la dhahabu, imenisumbua, na kwa kuwa tuliifunga pamoja, taarifa nakuletea wewe.

Kile kipima uzito ulichoweka juu ya nguzo, kamba inapopita, ili winchi ijizime mzigo ukizidi, kilianza vituko wiki mbili baada ya msiba. Namba zinaruka ovyo. Ndoo tupu inasomeka kama imebeba ng'ombe. Siku moja winchi ikajizima mchimbaji wetu Shija akiwa ndani ya ndoo, akaning'inia katikati ya duara karibu saa nzima, akitukana kwa Kisukuma mpaka matusi yakamwishia. Mwenye duara akatoa uamuzi: siku mbili zikipita bila dawa, anakata waya wa kipima na winchi itaendeshwa hivyo hivyo. Mimi na wewe tuliona kamba ilipokatika duara la jirani. Sikutaka kuona tena.

Nikafanya ulivyokuwa ukisema: "Zima kimoja, angalia, washa. Ukibadili viwili kwa mpigo, umejidanganya." Nikazima taa, namba zikaendelea kuruka. Nikazima pampu ya maji, bado. Nilipozima karasha la kusagia mawe, ambalo limeletwa baada yako, zikatulia. Nikaliwasha, zikaanza tena. Umeme wa waya wa kipima ni mdogo mno, na karasha lilikuwa linaupigia kelele.

Nikauhamisha waya ule, ukawa mbali na nyaya za karasha. Afadhali, lakini haikutosha. Ukabaki ule wavu wa chuma unaoufunika. Hilo uliniimbia mpaka nikalichoka: wavu ufungwe ardhini upande mmoja tu, ukifungwa pande zote mbili unageuka njia ya umeme usiohusika. Upande wa chini, kwenye boksi la swichi za winchi, niliufunga mimi. Upande wa kipima, juu ya nguzo, uliufunga wewe, wiki ile kabla kifua hakijakulaza. Siku nzima na nusu nilikagua kazi yangu tu. Sikutaka kuwa mtu wa kufungua kazi yako ya mwisho. Ni ujinga, najua. Heshima yangu hiyo ingeweza kumuua Shija.

Siku ya pili mchana nikapanda nguzo na kisu mfukoni. Sikukihitaji. Tepu yako ya bluu ilikuwa na ncha iliyokunjwa, kama ulivyokunja zote. Mwaka wa kwanza nilikucheka kwa tabia hiyo, nikasema unafunga umeme kama unafunga zawadi. Ukanijibu, "Yupo atakayekuja kufungua. Asihangaike."

Nikavuta kwa vidole viwili. Ndani, wavu ulikuwa umefungwa kwenye chuma cha nguzo, nacho kinaingia ardhini. Ulikosea, Baba Limi. Bila karasha tusingejua. Nilikukasirikia kule juu, kwa sauti, watu wakaniangalia. Kisha nikalia kidogo. Kisha nikautoa wavu kwenye chuma, nikashuka.

Karasha likawashwa, namba zikatulia. Tukajaza mawe kupita kiasi makusudi, winchi ikajizima kama inavyotakiwa. Mwenye duara akatazama, akasema sawa, akaenda kunywa chai. Kipima kimebaki. Shija anashuka kila siku na matusi yake yamerudi.

Mama Limi hajambo. Amenipa mita yako ya kupimia umeme, nimebadilisha betri. Kwenye daftari la kazi nimeandika kosa lilikuwa wapi na nani alilifanya, maana wewe usingekubali nifiche. Limi amesoma, akacheka, akasema baba yake hajawahi kukubali kosa hata moja nyumbani.

Tepu ya bluu haikuwepo dukani, nimefunga kwa nyeusi. Ncha nimeikunja. Nitakunja zote, kila nitakapofunga, na atakayekuta nilipokosea afungue bila kuniogopa.

Wabeja, asante sana, Baba Limi. Pumzika.

Kabula