Kaka, Fyuzi Zako Nimezihamisha

Kaka Sudi,

Usininunie. Najua nimekawia mno kukuandikia. Arobaini imepita, kaburi limeota majani, na Mama kila Ijumaa huenda kuyang'oa. Nilikuwa najidanganya kwamba ni mtoto. Nasra anaota magego, halali, na mimi silali. Baba yake yuko na lori huko Songea, akirudi analala kama gogo na kuondoka tena. Lakini mbele yako sijawahi kuweza kuongopa. Sikuandika kwa sababu kila nikishika kalamu naona itabidi nikwambie nilichokufanyia.

Nimekata kazi yako, Kaka. Ile ya kwenye boti ya tanga ya Bwana Erasto.

Si unakumbuka ulivyokuwa ukimchokoza dukani kwake Kariakoo, katikati ya majora ya vitenge? "Mtu wa Moshi, na milima yote ile, majini umefuata nini?" Naye anakujibu, "Nimefuata amani, fundi. Kule hakuna mteja wa kuniomba punguzo." Basi alikuja kibandani kwetu Gerezani ameshika chaja kubwa, mpya, bado imo kwenye boksi. Alitaka njia ya tatu ya kuchaji betri zake. Wewe ulishamfungia mbili, paneli ya sola na altaneta ya injini, na sasa alitaka boti ikifungwa gatini avute umeme wa ukutani. Akasema, "Dada, kaka yako aliniahidi. Wewe utaiweza?" Nikamjibu kwa ile sauti ya kiburi ninayotoa nikiwa na hofu. Nikasema naiweza.

Nasra nikamwachia Mama. Nikavuka kwa kivuko hadi ilikofungwa boti, mkoba wako begani.

Nilipofungua kifuniko cha injini nilikukuta humo. Waya zimenyooka, zimefungwa kila baada ya shubiri, na mikia ya vile vibano vya plastiki umeikata mpaka mwisho, isije ikamkwaruza fundi atakayefuata. Hukujua kama fundi huyo nitakuwa mimi. Nilikaa chini nikalia kidogo. Bwana Erasto akajifanya anaangalia kamba.

Halafu nikaanza kazi kama ulivyonifundisha. Nilichomoa kwanza fyuzi ya altaneta, ile uliyoiweka pale pale pembeni ya altaneta. Nikajua waya imekufa. Nikaanza kuifungua upande wa pili wa fyuzi, na spana ikagusa ncha ya waya na chuma cha injini kwa pamoja.

Kaka, ule mlio. Cheche ilikula mdomo wa spana yako namba kumi na tatu, na mimi nikajikuta nimekaa kitako. Juu, binti yake Bwana Erasto alikuwa amekaa kwenye kifuniko cha betri anakula mihogo ya kukaanga. Akauliza, "Anti, umepiga picha?"

Nikaifuata ile waya kwa kidole hadi kwenye betri. Hakuna fyuzi. Nikaifuata ya sola. Fyuzi iko juu kabisa, karibu na paneli, na huku chini kwenye betri hakuna kitu. Tena inapopita kwenye tundu la ubao ganda lake lilikuwa limesuguliwa mpaka shaba inachungulia.

Nikaelewa ulivyofikiri. Ulisema umeme wa kuchaji unatoka kwenye paneli, unatoka kwenye altaneta, basi fyuzi ikae huko. Lakini paneli ikipata shoti inatoa kile kidogo ilicho nacho, basi. Betri ndiyo inayotema yote kwa mpigo. Waya ikigusa chuma hapo katikati, fyuzi ya juu itakatika na betri itaendelea kusukuma moto kutoka chini, na hakuna cha kuizuia.

"Fyuzi inakaa umeme unakotoka." Maneno yako hayo. Ulikuwa ukiyasema huku unagonga meza kwa koleo mpaka wauza spea wa jirani wanayaitikia kama kiitikio. Nimekukosoa kwa maneno yako mwenyewe, na hicho ndicho kinachoniuma.

Nikakata. Waya ya sola nikaivuta mpya. Nikaweka fyuzi tatu hapo hapo kwenye betri, ya sola, ya altaneta na ya chaja, kila moja kwa unene wa waya yake. Ya altaneta niliiongezea nguvu kidogo isikatike ovyo, maana ikikatika injini ikiwa inazunguka altaneta yenyewe inaungua. Kila kibano chako nilichokata nilikitia mfukoni. Vipo kwenye kopo la maziwa ya Nasra, sijui navitunza vya nini.

Ningeweza kunyamaza. Bwana Erasto aliponiuliza cheche ilikuwa ya nini, ningesema spana imeteleza, naye angeamini. Lakini yule mtoto alikuwa amerudi kukaa pale pale na mihogo yake. Nikamwambia baba yake yote. Akasema, "Wanangu wanalala hapa juu kila Jumamosi." Baadaye akasema, "Ila kaka yako alikuwa fundi." Nikamwambia ni kweli, alikuwa fundi, na hapa alikosea. Nilihisi nimekuvua nguo mbele ya watu.

Zikabaki swichi tu. Nikaweka mkono pale nikasimama. Nilisimama mpaka Bwana Erasto akaniuliza, "Fundi, tunangoja nini?"

Unajua nilichokuwa nangoja. Nikawasha hivyo hivyo. Njia zote tatu zikachaji.

Kariakoo unaijua. Kabla sijafika nyumbani habari ilishafika. Mmoja akanitupia, "Eti dada mtu anamfukua kakake!" Wengine wakacheka. Mama hakucheka. Aliniuliza, "Mtoto wangu yuko kaburini, wewe unamtafutia makosa? Maziwa mliyonyonya si ya titi moja?" Akaacha kusema na mimi. Nasra alikuwa akimchukua na kunirudishia bila neno, kama mzigo wa sokoni.

Nikaenda kwenye boti ya pili kati ya tatu ulizozifunga betri, ile ya kupeleka watu kuzamia. Mwenyewe akaniambia, "Kaka yako kafa, ndiyo unapita kuuza fyuzi?" Nilifunga fyuzi bila kudai chochote, nikamwonyesha, nikaondoka. Waya ilikuwa vile vile, bila fyuzi kwenye betri.

Tatizo ni ya tatu. Ile nyeupe yenye mstari wa kijani, uliyoifanya peke yako nilipokuwa nimejifungua. Simjui mwenyewe, simjui hata jina. Gatini nimeuliza, wanasema ilipita ikaenda zake. Namba yake imo kwenye simu yako, na simu umeifunga kwa mchoro asioujua mtu ila wewe. Mafundi simu wanasema wakiifungua kwa nguvu itafutika yote. Huko iliko watu wanalala juu ya betri hizo, Kaka, na ni mimi peke yangu ninayejua.

Wiki iliyopita Mama, habari za boti hiyo zimemfikia, alikuja kibandani kwa miguu yake. Akakifungua kifundo cha kanga, akaitoa ile simu, akaiweka mezani. "Itie chaji. Laini ya mwanangu bado ipo. Huyo mtu akipiga, pokea wewe. Lakini uanze kumwambia alikuwa na mkono msafi, ndiyo umwambie hilo lingine." Nikasema ndiyo, Mama. Akamchukua Nasra, akaondoka.

Simu iko hapa mezani, imechomekwa. Ikilia nashtuka. Wengi wanakutaka wewe. Nawapa habari, nawaacha walie, kisha nawauliza kama wana boti.

Sasa lala, Kaka. Bango la Fundi Sudi halishuki nikiwa hai, na boti ya tatu nitaipata, hata kama ni kwa kuuliza gati kwa gati mpaka Tanga na mtoto mgongoni. Ninachohitaji bado unitumie ni hiki. Mchoro wa simu yako. Jina la mwenye boti ya mstari wa kijani, au hata mahali anapoifunga tu. Ulikoliweka koleo kubwa la kubania vichwa vya waya, maana nimetumia la kuazima. Kwa Mama, neno moja usingizini, kwamba hujanikasirikia. Na kwangu, ile "Haya, washa" uliyokuwa ukinipa kabla sijagusa swichi. Hata ukiifupisha ikawa "haya" tu, itanitosha.

Mdogo wako,
Mwanaidi