Kwa Danieli, Kabla Hatujanyoa

Mpendwa mwanangu Danieli,

Amani ya Bwana wetu iwe nawe popote ulipolala au unapotembea. Nakuandikia nikiwa nimeketi mlangoni pa tembe letu, jua limeelemea magharibi na mbingu ni tupu. Leo ni siku ya mwisho ya mwaka. Wewe waifahamu desturi ya nyumba hii katika siku kama ya leo: baada ya sala ya alasiri kila mtu huketi mahali pake, na mmoja mmoja husimama akasema mbele za Mungu na mbele ya jamaa jinsi mwaka ulivyomtendea. Leo bado hatujaketi. Mama yako yumo ndani, wadogo zako wamekwenda kuchota maji, na baba yako mkubwa Masaka amekuja tangu asubuhi, naye angali ukutani mwa zizi akiningojea nimpe jibu. Anataka nikubali kwamba umekufa, ili ukoo ukulilie na kunyoa vichwa vya msiba. Nimeona si haki nimjibu yeye kabla sijazungumza nawe.

Nakumbuka mwisho wa mwaka uliporudi kwa mara ya kwanza kutoka shule ya serikali. Uliondoka hapa mtoto mchunga ndama, ukarudi kijana mwenye kanzu nyeupe, na begani umebeba tarumbeta ya shaba iliyofungwa ndani ya gunia. Mwalimu wenu, yule bwana wa pwani, alikupa ruhusa ya kuja nayo ili midomo isisahau kazi. Mama yako alipoiona midomo yenyewe, imepasuka na kuvimba, aliuliza ni nani aliyekupiga. Ukacheka, ukamwambia ni shaba tu, mama, nayo haikupiga kwa chuki.

Zamu yako ilipofika ulisimama wima, mikono nyuma, kama mlivyofundishwa huko. Sijapata kumsikia kijana wa umri wako akiupima mwaka wake kwa utulivu ule. Ulisema kwamba asubuhi mnafagia uwanja kabla ya kula, kisha mnaandika juu ya vibao, mnahesabu, na mnasema Kijerumani wote kwa sauti moja, hata wale wasioelewa, kwa kuwa anayekaa kimya ndiye anayepigwa. Ulisema wenzako wa pwani walikucheka Kiswahili chako, wakikuuliza kama kwenu Ugogo watu huzungumza na ng'ombe au na wenzao. Ukawajibu kwamba ng'ombe ndio wanaosikia haraka zaidi. Tulicheka sote, nami nikafurahi kwamba kijana wangu hakurudi amenyenyekea mahali pasipostahili.

Kisha ukageukia habari ya muziki, na hapo hakuna aliyecheka. Mjomba wako alikuwapo, yeye aliyekufundisha zeze tangu ungali mdogo, akikukalisha kati ya magoti yake. Ulimtazama yeye, lakini ukaniambia mimi:

"Baba, zeze naliimbia, nalo linaniitikia. Tarumbeta haiimbiwi. Nikipiga hii wanaamka, nikipiga ile wanakula, nikipiga nyingine wanajipanga. Hakuna anayeitikia. Wanakwenda tu."

Nilikuuliza kama hufurahi. Ukafikiri, kwa maana hukuzoea kunijibu kwa haraka. Ulisema unafurahi wakati wa kupiga, kwa sababu sauti ni safi na inafika mbali kuliko sauti yoyote uliyopata kuitoa. Ila ukimaliza, ndipo unapojiona uko peke yako. Mjomba wako alitikisa kichwa akasema hajui chombo gani hicho kinachompa mtu kazi ya kuita na kumnyima wa kumjibu. Mimi nilikuambia kwamba Mungu naye huita, na mara nyingi hajibiwi. Neno lile lilikuwa kweli. Leo nalitafakari, nalo halinipi faraja.

Asubuhi yake ulipanda juu ya paa bapa la tembe kufanya mazoezi. Hukujua, wala mimi sikukumbuka kukuambia, kwamba katika bonde letu sauti kubwa ya pembe ina maana moja tu: ng'ombe wametekwa. Kabla hujamaliza, wanaume walikuwa wakitoka kila upande na mikuki, wengine bila nguo za kutosha, na mzee Mlewa mbele yao, anatweta, ngao yake imeliwa na mchwa.

"Wameelekea wapi?" akauliza.

"Nani, babu?"

"Ng'ombe!"

"Hawajaenda popote, babu. Huu ni wito wa chakula."

Mzee Mlewa alishusha ngao, akakutazama kule juu, akawatazama wenzake. "Haya," akasema, "chakula chenyewe kiko wapi?"

Nao wakakaa. Mama yako alisaga uwele mpaka mchana, na mlenda wa nyumba nzima ukaisha siku ile. Tangu hapo vijana wa machungani walikuita Bwana Chakula, wakikuuliza kila walipopita kama leo kuna nyama. Hukukasirika hata mara moja. Nadhani zilikuwa siku zako njema kuliko zote, nazo zilikuwa chache.

Mwaka uliofuata vita vikaanza. Shule ikafungwa, na vijana waliojua kupiga tarumbeta hawakurudishwa kwa wazazi wao. Walitiwa katika kombania za askari. Nilipopata habari kwamba mtapita Dodoma, nilikwenda kwa miguu hadi kituo cha gari la moshi. Nilikukuta katika mstari, umevaa nguo zilizoshonwa kwa ajili ya mtu mzima. Ulinipa shikamoo bila kuondoka mahali pako. Nilitaka kukuwekea mkono kichwani na kuomba, lakini askari mmoja aliniambia, bila ukali, "Mzee, sogea, wataondoka." Ukasema neno moja tu, na ndilo la mwisho nililolisikia kwako: "Mwambie mama midomo imepona."

Nilimwambia. Aliingia ndani, hakutoka mpaka kesho yake.

Sasa nikueleze kilicholetwa kwetu mwaka huu. Simoni, yule wa ng'ambo ya korongo ambaye alichukuliwa kuwa mpagazi, amerudi akiwa na mguu mbaya. Alikuja kuniona, mimi mwalimu wake wa dini, baada ya ibada, akazungumza huku akitazama chini. Alisema mlitembea pamoja kuelekea milima ya kaskazini, nawe ukashikwa na homa. Walikulaza chini ya kibanda cha nyasi pamoja na wagonjwa wengine, na kombania ikaendelea. Alipoiona tena kombania yenu, tarumbeta ilikuwa mikononi mwa kijana mwingine. Wale walioachwa kibandani, hakuna aliyejua habari zao.

Nilimuuliza kama aliliona kaburi.

"Sikuona kaburi, mwalimu," akasema. "Sikumwona yeye pia."

Hayo ndiyo yote niliyonayo juu yako, mwanangu. Nimeyapima usiku na mchana, nami sioni ndani yake mahali pa kusimamisha tumaini. Padre wetu Mzungu amechukuliwa na serikali kwa ajili ya vita, na kanisa limeachwa mikononi mwangu. Kila Jumapili nasimama mbele ya watu, wengi wao wamechukuliwa wana wao kama mimi, nawafundisha habari ya ufufuo. Naiamini. Lakini nikipiga magoti peke yangu sijui niombe nini juu yako. Nikiomba urudi, naona namwomba Mungu amrudishe aliyekwisha kumpokea. Nikiomba upumzike, naona namzika mtu aliye hai. Basi natamka jina lako na kunyamaza, na hiyo ndiyo sala yangu tangu Simoni aliponiacha.

Mvua haijanyesha. Mbegu tulizotia ardhini ndege wamezifukua, na ng'ombe wanalamba mawe ya korongo. Watu wameanza kusema kwamba nyumba ya mwalimu ina maiti isiyoliliwa, na kwamba ndiyo inayozuia mawingu. Masaka ndiye aliyeniletea maneno hayo uso kwa uso, kwa kuwa yeye ni ndugu yangu na hanisengenyi. Nilimjibu kama nilivyofundishwa na kama ninavyofundisha, ya kwamba mvua i mkononi mwa Mungu, wala kichwa changu kikinyolewa hakitamlazimisha. Hakubishana nami. Akasema tu:

"Mvua ni ya Mungu, mwalimu, sawa. Lakini mtoto ni wa ukoo. Umemwacha amesimama mlangoni. Haingii wala haondoki."

Danieli, nisikilize. Nimesoma maandiko tangu ujana wangu, nimewajibu wazee wengi wenye hoja nzito, lakini neno hilo la Masaka limenikalia kifuani. Nimekutazama kwa macho ya moyo, nami nimeona ni kweli: mwaka mzima nimekusimamisha mlangoni. Kila anayekohoa njiani ni wewe. Wadogo zako wamejifunza kunyamaza mbwa abwekapo, ili wanitazame uso wangu.

Nilikwenda kwa mama yako kumwambia nilichokusudia. Alikuwa akichambua mboga zilizokauka. Hakuinua kichwa.

"Wewe nyoa, baba Danieli," akasema. "Sikuzuii. Mimi nikinyoa nitakuwa nimemwua kwa mkono wangu."

Sitamlazimisha. Masaka atanung'unika, wanawake wa ukoo watasema, na huenda mvua isiponyesha watamtupia yeye lawama. Nitasimama mbele yake. Ni jambo dogo ninaloweza kulifanya, na yaliyo makubwa yamenishinda yote.

Jioni hii tutaketi kama desturi. Nitasema jinsi mwaka ulivyonitendea, nami nimekwisha kuchagua maneno: umenichukulia mwanangu na haukunionyesha ulipomweka. Sitaongeza shukrani ambayo haimo moyoni, maana Mungu haihitaji shukrani ya uongo, na wadogo zako wangeijua mara moja. Kisha nitatoka nimwambie Masaka alete wembe kesho asubuhi. Nitakuwa wa kwanza kunyolewa. Nitalilia jina lako kwa sauti, mbele ya watu, jambo ambalo sijalifanya hata mara moja tangu ulipoondoka. Sifanyi hivyo kwa ajili ya mawingu. Nafanya hivyo kwa sababu nimechoka, na kwa sababu kama umekufa, unastahili baba anayekulilia badala ya baba anayekusubiri.

Na kama sivyo; kama kwa rehema nisiyothubutu kuiomba uko hai, na siku moja ukashuka garini ukatembea mpaka hapa, utakutana na watu watakaokukimbia, kwa kuwa watakuwa wamekwisha kukulilia. Usiwakasirikie. Utamkuta baba yako na kichwa kitupu, nawe utaelewa maana yake. Pita mbele yangu, ingia ndani moja kwa moja. Yupo mmoja humo ambaye nywele zake hazikuguswa.

Kwaheri, mwanangu.

Mimi niliyekuzaa,
Baba yako