Maji ya Paa la Enayet

Kolagachi, 3 Machi 1998

Mwanangu Enayet,

Asalaam aleykum. Hujambo huko Kuwait? Mgongo umepona? Sisi huku wazima, ila kuku mmoja kachukuliwa na mbweha.

Paa limekwisha, baba. Mabati yako yanang'aa mpaka watu wa ng'ambo ya mto wanakinga macho. Nyasi za zamani nimezibakiza juu ya jiko tu. Fundi amelitoa paa nje hadi juu ya bwawa langu la vifaranga wa samaki, ili mvua yote iingie humo. Unajua hapa kwetu maji yasiyo na chumvi yanavyotafutwa. Nimefurahi kama mtoto.

Ba'mdogo wako Mofazzal alikuja kukagua. Akazunguka mara tatu, akasema, "Shemeji, mvua ikinyesha hamtasikilizana humo ndani. Hata kugombana itabidi msubiri ianuke." Nikamwambia, "Nigombane na nani mjane mimi, labda na wewe!" Tukacheka. Naona ana kawivu kidogo, lakini ndiye aliyeshika ngazi siku nzima.

Kula vizuri. Usitudanganye kwenye barua kwamba umeshiba.

Mama yako

*

Kolagachi, 17 Juni 1999

Enayet mwanangu,

Salaam nyingi. Mwili wangu mzima, moyo ndio mgonjwa. Vifaranga wamekufa wote.

Mwaka jana walikufa wachache, nikanyamaza. Mwaka huu mvua kubwa ya kwanza imenyesha Alhamisi, na Ijumaa asubuhi bwawa lilikuwa jeupe kwa matumbo. Nimewalea tangu wakiwa kama punje za haradali. Huwa nagonga kopo wanakuja kula. Nimegonga kopo, baba, hakuja hata mmoja. Watu wa vijiji saba wanategemea vifaranga wangu, na wewe mwenyewe umesoma kwa samaki hao tangu baba yako alipotutoka. Mwaka mwingine kama huu, sina kazi tena.

Watu wanasema ni sumu. Jirani alimwona Mofazzal Alhamisi jioni akinawa mikono bwawani, na wiki ile tulikuwa tumekwaruzana juu ya mpaka wa kiwanja. Sitaki kuamini. Nifanye nini?

Mama yako

*

Kuwait, 9 Julai 1999

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini unapata usingizi. Mimi mzima, joto tu linatuua. Mchana kutwa tunakwangua kutu kwenye nguzo za bandari na kupaka rangi, maana chumvi ya bahari hailali.

Unauliza ufanye nini? Mama, unamwonea haya nani? Tangu mabati yapande, yule mtu hana raha. Barua hii ipeleke kwenye baraza la kijiji, Mwalimu Nitai aisome kwa sauti. Mimi Enayet, mwana wa marehemu Torab Ali, nasema Mofazzal ametia sumu bwawa la mjane wa kaka yake. Kuanzia leo asijiite ba'mdogo wangu.

Jitunze, Mama. Usilie mbele yao.

Mwanao

*

Kolagachi, 22 Agosti 1999

Mwanangu,

Salaam. Mguu unauma kidogo, mengine shwari.

Barua imesomwa. Mwalimu alitaka kuruka maneno fulani, watu wakamwambia soma yote. Mofazzal aliondoka, akaenda bwawani, akarudi na bakuli lililojaa maji, akalinywa mbele yetu lote. "Kama nimetia sumu, nife hapa hapa," akasema. Tukasubiri. Hakufa. Mtu mmoja wa nyuma akapaza sauti, "Anajua sumu ya samaki haiui mtu!" Watu wakaangua kicheko. Mimi sikucheka, lakini pia sikuwakanya.

Sasa kuna ua wa mianzi kati ya nyumba zetu, kaujenga mwenyewe. Hakuna anayemwalika harusini. Nadhani tumeshinda. Juzi nilipika mchuzi wa samaki wa hilsa, mkono ukajaza bakuli la kumpelekea Mofazzal kwa mazoea. Nikalirudisha chunguni.

Mama yako

*

Kolagachi, 2 Julai 2000

Enayet,

Salaam. Natumaini u mzima, maana barua hii inataka mtu mzima. Kaa chini kwanza.

Vifaranga wapya wamekufa tena, na Mofazzal alikuwa mjini Khulna wiki nzima, kamlaza mkewe hospitali. Nikakaa nikawaza. Mbona wanakufa baada ya mvua tu? Nikatenga mitungi miwili. Mmoja nikaukingia maji ya mabati, wa pili maji ya nyasi za jikoni. Nikanunua vifaranga wengine, nikatia ishirini kila mtungi. Kesho yake adhuhuri, wa maji ya nyasi walikuwa wananidai chakula. Wa maji ya bati wameelea wote. Nimerudia mara tatu, mwanangu, nikiomba niwe nimekosea.

Nikamwita bwana samaki kutoka mjini, akapima. Anasema bati limepakwa madini yanayoitwa zinki, na upepo wetu wa chumvi unayala. Ule unga mweupe wa juu ya bati, niliodhani ni vumbi, ndio huo. Mvua inauosha na kuumwaga bwawani. Mtu akinywa bakuli moja haanguki, ila kifaranga, kidogo tu kinammaliza.

Nilikwenda kwa Mofazzal kuomba radhi. Hakunifokea, na afadhali angefoka. Alisema, "Shemeji, wewe nimekusamehe hapo mlangoni, hata hujakaa. Lakini ile barua ilisomwa mbele ya watu. Na ya kuifuta nayo isomwe mbele ya watu."

Andika, baba.

Mama yako

*

Kolagachi, 15 Oktoba 2000

Mwanangu,

Salaam. Blanketi limefika, neno halikufika.

Najua unaona aibu. Ulijinyima ili mimi nilale pakavu, leo nakuomba uwaambie watu wote kwamba paa lenyewe ndilo lililoua. Silichukii paa lako, nalala pakavu kweli. Lakini Mofazzal amekonda. Ijumaa anaswali nyuma kabisa, karibu na viatu, na hakuna anayemwambia asogee.

Mama yako

*

Kuwait, 20 Desemba 2000

Mama,

Shikamoo. Nimesikia kwa watu wa kwetu kwamba mguu bado unakusumbua, pole sana. Karatasi hii mpe Mwalimu Nitai, asomee pale pale.

Kwa watu wote wa Kolagachi, asalaam aleykum. Ni mimi Enayet, mwana wa marehemu Torab Ali. Mwaka jana nilisema ba'mdogo wangu Mofazzal ametia sumu. Si kweli. Kilichoua samaki ni paa langu. Mwalimu, tafadhali rudia hapo, wa nyuma hawasikii.

Kazi yangu huku ni kukwangua kutu. Kama kuna mtu aliyepaswa kujua chumvi inavyokula bati, ni mimi. Sikuwaza, kwa sababu nililipenda paa lile kuliko ndugu yangu. Waliocheka siku alipokunywa yale maji, leo wanicheke mimi. Ba'mdogo, nisamehe.

Mwalimu, ishia hapa. Yaliyobaki ni ya mama.

Mama, miezi yote hii nilikuwa naandika nachana. Kila mtu chumbani kwetu nimemsimulia habari za paa lile. Kama ni kuling'oa, ling'oeni.

Mwanao

*

Kolagachi, 30 Januari 2001

Mwanangu,

Waaleykum salaam. Mguu unapona.

Imesomwa. Safari hii Mwalimu hakuruka neno, hata pale ulipomwambia aache. Mofazzal alikaa mbele, kainamisha kichwa. Ilipokwisha akasema, "Isomwe tena, sijasikia." Ikasomwa. Akasema bado hajasikia. Mara ya tatu watu wakaanza kucheka, na yeye akacheka, machozi yanamtoka.

Paa haling'olewi. Kesho yake asubuhi alikuja na mianzi iliyopasuliwa, akaifunga chini ya ukingo wa paa, maji yapite mbali na bwawa, yaishie kwenye shimo la mchanga nyuma ya choo. Nikamuuliza, mianzi yote hii umeitoa wapi? Akaniambia nigeuke nitazame. Nikageuka. Ua wote kaung'oa.

Mama yako

Enayet, mama yako kaniachia nafasi hapa chini. Mvua ikinyesha bado hatusikilizani humu ndani. Rudi uje uone mwenyewe.

Ba'mdogo wako