Chaki kwenye Tangi la Maji

Baba,

Sanduku lako la vyuma vya kulehemu bado liko kibandani. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza, kabla hata ya kuuliza kama Mama anakula. Anakula. Kidogo.

Tulipoanua matanga, Baba Mdogo alisema sanduku liende Kahama, kwa fundi mmoja wa Nyasubi, maana hukuacha mtoto wa kiume. Nikasema mimi nipo. Akacheka mbele ya wazee, akasema, "Mwalimu, rudi kwenye chaki zako." Hakusema kwa ubaya. Hilo ndilo lililonichoma.

Wiki hiyo hiyo likarudi gari la yule mzungu mpima mawe, lile lenye kitanda na jiko ndani, ambalo tangi lake la maji ulililehemu ukiwa tayari unakohoa. Maji yalikuwa yamelowesha godoro na ramani zake. Dereva wake, Masanja, akashuka akitangaza hadharani kwamba lehemu ya marehemu imeachia. Baba Mdogo akatikisa kichwa kana kwamba alilijua siku zote. Na wewe hukuwepo kujibu.

Nikajibu mimi. Nikamwambia Baba Mdogo: "Kama maji yanatoka kwenye kiungo alicholehemu Baba, chukua sanduku leo. Kama sivyo, lisiguswe tena." Akakubali upesi mno.

Tukalishusha tangi. Wewe ulikuwa ukipaka majivu kutafuta tundu. Mimi nikaleta chaki za shule. Nikalipaka lote likawa jeupe, tukalijaza maji, tukangoja. Kiungo chako, Baba, kilibaki kikavu na cheupe. Maji yalichora mstari mweusi kwingine kabisa, kona ya nyuma, chini.

Nikaingia garini kutazama. Vile vipande vya ngozi ya ng'ombe ulivyolaza chini ya tangi havikuwepo. Masanja alikuwa amevitoa; alisema vilinuka. Basi tangi likasuguana na kichwa cha bolti kutoka hapa Songwa mpaka Geita na kurudi, hadi likatoboka.

Ningeweza kuishia hapo. Sanduku lilikuwa limeshapona. Lakini nilitaka kuliziba tangi mwenyewe, kwa chuma chako cha kulehemu, wao wakiona.

Nikaharibu. Lehemu ilijiviringa kama shanga ikadondoka. Baba Mdogo akacheka tena, na mimi nikakukasirikia wewe, kwamba umekufa kabla ya kunifundisha yote. Kisha nikakumbuka. Nilikuwa na miaka kumi, nimekushikia bati, ukaniambia: "Maji yaliyobaki ndani yanakula moto, ng'wana wane, mwanangu. Kausha kwanza." Nilikuwa nimemwaga maji ya tangi tu, bila kulikausha. Ulikuwa umenifundisha, ni mimi niliyesahau.

Nikalianika juani, mdomo chini, mpaka likawa halishikiki kwa mkono. Nikakwangua, nikapaka tindikali ya kusafishia bati, nikarudia kulehemu. Safari hii lehemu ilitambaa yenyewe, iking'aa, ikaingia pale ilipotakiwa.

Kiungo changu si kizuri kama chako. Kina kinundu. Lakini hakivuji.

Nimeweka ngozi nyingine chini ya tangi, nikamwambia Masanja akizitoa asirudi kwangu. Akasema, "Sawa, fundi," kisha akaangalia pembeni kama mtu aliyeropoka. Baba Mdogo alilibeba sanduku mwenyewe, akalirudisha chini ya meza yako.

Asubuhi nitafundisha, alasiri nitafungua kibanda. Wanaotaka kucheka waje, watanikuta moto umeshawaka. Na kila tangi litakalopita mikononi mwangu nitalikausha kwanza, nakuahidi.

Kwaheri, Baba. Sikuifuta chaki kwenye kiungo chako. Gari limeondoka nayo kwenda Geita, ili yeyote atakayeuliza habari za kazi yako apaone palivyo pakavu.

Mwanao,
Kabula