Betri za Akiba

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Huku hatujambo, ila mgongo wangu unalilalamikia begi. Kanisa letu bado halina jengo. Kila Jumapili tunapanga viti katika ukumbi wa shule, na ibada ikiisha tunafungasha kila kitu. Mimi, kwa kuwa ni karani mwoga, nabeba vya akiba: betri za kipaza sauti, gundi ya karatasi, sindano na uzi, peremende za koo. Wanakwaya wananiita Duka.

Juzi mchungaji alinipanga kusoma Neno. Unajua sijasoma mbele za watu tangu mazishi ya Baba, ulipoichukua karatasi mkononi mwangu ukamalizia wewe.

Nilipofika mbele, kipaza sauti kikazima. Moyo wangu ukashangilia. Nikageuka nirudi kitini.

"Duka, si una betri wewe?" mama wa kwaya akauliza.

"Atakosaje?" mpiga ngoma akadakia. "Huyo hata mvua ya akiba anayo."

Watu wakacheka. Ningeweza kusema zimekwisha. Nikafungua begi, nikazitia kwenye kipaza sauti, nikaanza kusoma. Katikati sauti yangu ikakwama, nikatazama pembeni nikikutafuta. Hukuwepo, Shangazi. Basi nikaendelea mwenyewe hadi mwisho.

Jumapili ijayo nimepangwa tena. Begi nimeshalifunga, na betri nimeziweka juu kabisa.

Ni mimi mwanao,
Duka